NFT: Anayenunua Anapata Nini?
Somo kutoka Johannesburg kwa wanaochora na wanaokusanya

Kwa toleo hili nimeombwa niandike kuhusu NFT, yaani sanaa ya kidijitali inayouzwa na kukusanywa mtandaoni, kwa sababu wanachama wapya wamekuwa wakiuliza swali moja: "Jamani, bado kuna hela humo?" Nimekubali kuandika si kwa kuwa mimi ni mtaalamu. Nimekubali kwa sababu somo hili nililisoma kwa ada yangu mwenyewe, na sehemu ya ada hiyo aliilipa mjomba wangu bila kujua.

Kwanza niwape kisa, halafu tuingie darasani.

Ilikuwa Novemba 2021. Nilikuwa mwaka wa pili wa digrii ya kwanza hapa Johannesburg, na Jumamosi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi pale Braamfontein. Kila aliyeingia dukani alikuwa anaongea habari za NFT. Mimi nina mjomba Dar es Salaam, upande wa Msasani, anachora picha za Tingatinga. Mambo yake yalikuwa mabaya sana, maana tangu Korona watalii walikuwa wa kuhesabu. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Za Bondeni?"

"Nzuri. Mjomba, yule chui wako wa kwenye ubao mkubwa, usimuuze. Nataka kumweka mtandaoni. Kuna watu Ulaya na Marekani wananunua picha kwa maelfu ya dola."

"Kwa hiyo huyo anayenunua, ubao anauchukua?"

"Hapana mjomba, ubao unabaki kwako."

"Basi anapata picha ya kwenye simu?"

"Ile picha kila mtu anaweza kuiona. Yeye anakuwa... anakuwa mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

Nilinyamaza. Halafu nikamwambia mtandao unakata, nitampigia kesho. Ukweli ni kwamba mtandao ulikuwa safi kabisa. Jibu ndilo sikuwa nalo.

Hata hivyo niliendelea. Nililipa rand 1,085 kutoka kwenye hela ya pango la chumba ili chui aingie sokoni, nikaweka bei ya rand 1,500, nikangoja. Desemba mtalii mmoja alisimama kwenye kibanda cha mjomba akatoa shilingi laki moja na nusu kwa yule chui. Mjomba akakataa, kisa mimi. Januari ikafika na ada za shule za watoto wake, na mtandaoni hakuna aliyemtazama chui. Machi akamuuza kwa shilingi elfu tisini kwa mtu mwingine.

Basi somo la leo ni jibu la lile swali la mjomba. Nimechelewa miaka kadhaa, lakini afadhali kuchelewa.

SEHEMU YA 1: NFT NI KITU GANI?

Noti yangu ya rand 100 na yako ni sawa. Tukibadilishana hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini kiwanja changu cha Kibaha na chako cha Bagamoyo si sawa, na kila kimoja kina hati yake. NFT ni kama hati: ni tokeni ya pekee, yenye namba yake, isiyolingana na nyingine.

Hati hiyo imeandikwa wapi? Imeandikwa kwenye blokucheni. Fikirini daftari la hesabu la chama cha kufa na kuzikana. Kwa kawaida daftari anakaa nalo katibu, na akitaka kuchakachua anachakachua. Sasa fikirini kila mwanachama ana nakala ya daftari hilo, na kila mstari mpya unaandikwa kwenye nakala zote kwa pamoja, baada ya kuhakikiwa. Mmoja akifuta mstari kwenye nakala yake, wengine wanamwona mara moja. Hiyo ndiyo blokucheni kwa ufupi. Ile inayotumika zaidi kwa NFT ni Ethereum. Utaratibu wake wa kutengeneza tokeni za pekee, unaoitwa ERC-721, ulipendekezwa Januari 2018, ingawa majaribio yalianza mapema zaidi: msanii Kevin McCoy wa New York aliandikisha kazi yake "Quantum" kwa njia ya namna hii Mei 2014.

Kuandika mstari kwenye daftari kuna gharama. Watumiaji wanaiita gesi. Mwaka 2021 gesi ya Ethereum ilikuwa inapanda na kushuka kama bei ya nyanya, mara nyingi makumi ya dola kwa tendo moja. Ndiko zilikokwenda zile rand 1,085 zangu. Siku hizi ipo mitandao ya bei nafuu, kama Tezos na ile iliyojengwa juu ya Ethereum, ambako gharama ni ndogo sana. Na ile lawama ya kwamba NFT zinakula umeme wa nchi nzima ilikuwa na ukweli wake zamani. Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha namna ya kuhakiki mistari yake, na matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99.

SEHEMU YA 2: ANAYENUNUA ANAPATA NINI?

Hapa ndipo penye swali la mjomba. Chukueni mfano wa hapa hapa Johannesburg.

Kaskazini mwa jiji, kitongoji cha Rivonia, kuna shamba la Liliesleaf. Nelson Mandela alijificha hapo kuanzia 1961 kwa jina la David Motsamayi, akijifanya mfanyakazi wa shamba, na Julai 11, 1963 polisi walivamia shamba hilo wakawakamata wenzake. Baadaye likawa makumbusho. Korona ilipokata watalii, makumbusho yakakosa fedha. Machi 2022 kampuni ya Momint iliuza kwa mnada NFT ya hati ya kumkamata Mandela ya mwaka 1961. Ilipatikana rand milioni 1.9, kama dola 130,000 wakati ule, kwa ajili ya Liliesleaf. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameuza NFT ya bastola ya kalamu ya Oliver Tambo, makumbusho yakapata kama dola 50,000.

Je, mnunuzi alibeba karatasi ya hati ile? Hapana. Karatasi ilikuwa imetolewa zawadi kwa makumbusho tangu 2004, na ilibaki huko huko. Mnunuzi alipata tokeni yenye picha ya hati, pamoja na nafasi ya kwenda kuiona ile ya asili. Kwa maneno mengine, alichangia makumbusho na jina la tokeni likawa lake. Hakuna ubaya, mradi alijua anachonunua.

Mfano wa nyumbani utawasaidia zaidi. Kwenye khanga nyingi za Mombasa mtaona maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Mama aliyeinunua ni mwenye khanga: anaweza kuivaa, kuigawa, kuiuza mnadani. Lakini je, anaweza kwenda kiwandani akachapa doti elfu moja za mchoro ule ule? Thubutu. Mchoro una mwenyewe. Kununua kitu ni jambo moja, na kununua haki ya kukinakili ni jambo jingine.

NFT ni hivyo hivyo. Ukinunua tokeni, unakuwa mwenye tokeni. Hakimiliki ya mchoro inabaki kwa msanii, isipokuwa amekupa kwa maandishi. Sheria ya hakimiliki ya Afrika Kusini ya 1978 inasema waziwazi kwamba kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye saini. Hapo ndipo na mimi nilipokosea. Nilimwandikisha chui kwa pochi yangu na jina langu, kana kwamba nimemchora mimi. Sikuwa na karatasi yoyote kutoka kwa mjomba, nilikuwa na undugu tu. Kama chui angeuzwa kwa bei kubwa, sijui tungeanzia wapi kugawana.

SEHEMU YA 3: PICHA YENYEWE IKO WAPI?

Wengi wanadhani picha iko ndani ya blokucheni. Mara nyingi haimo, kwa sababu kuweka faili kubwa humo ni ghali mno. Kinachowekwa ni namba ya tokeni pamoja na anwani inayoonyesha picha ilipo. Ni kama hati ya kiwanja iliyoandikwa "nyumba iko pale kwa mzee fulani". Mzee akihama, utafanyaje?

Mifano miwili itafafanua. Kampuni ya FTX ya sarafu za kidijitali ilifilisika Novemba 2022. Watu waliotengeneza NFT kwenye soko lake walikuta tokeni zao zipo lakini picha hazionekani, kwa kuwa anwani zilielekeza kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Kwa upande mwingine kulikuwa na soko la Hic et Nunc, lililopendwa na wasanii wa nchi maskini kwa sababu gharama zake zilikuwa ndogo. Mwanzilishi wake alilifunga ghafla Novemba 2021. Lakini kazi zilibaki, maana picha zilihifadhiwa kwenye IPFS, mfumo ambao faili inatafutwa kwa alama yake yenyewe na inaweza kutunzwa na kompyuta nyingi. Watu wengine wakafungua milango mipya kuingia kwenye ghala lile lile.

IPFS nayo si muujiza. Lazima awepo mtu anayeendelea kuitunza faili. Kwa hiyo msanii na mkusanyaji wote wawili waweke nakala zao: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mahali pengine kabisa.

Wanaochapa picha hapa Johannesburg hawahitaji kuelezwa umuhimu wa nakala. Artist Proof Studio ilianzishwa 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba, ikawafundisha vijana wengi wa vitongoji kuchonga linoliamu na kuchapa. Machi 2003 moto uliteketeza studio hiyo, na Xaba akafa humo. Ilijengwa upya. Picha zilizokuwa zimechapwa na kununuliwa zilisalimika kwenye nyumba za watu. Zile ambazo hazijatoka nje ziliishia motoni.

SEHEMU YA 4: NANI ANATHIBITISHA KUWA MSANII NI WEWE?

Jibu fupi ni hakuna. Daftari linathibitisha kwamba pochi fulani iliandika mstari fulani siku fulani. Halithibitishi kwamba mwenye pochi ndiye aliyechora.

Wiki tatu baada ya kumweka chui sokoni, nilimwona chui yule yule kwenye ukurasa mwingine, kwa jina la mtu mwingine, bei nusu ya yangu. Alichukua picha ambayo mjomba mwenyewe aliiweka hadharani miaka iliyopita. Januari 2022 soko kubwa kuliko yote, OpenSea, lilisema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyotengenezwa kwa chombo chake cha bure vilikuwa vya wizi, vya kuiga au takataka. Asilimia themanini, ndugu zangu!

Nilimpigia mjomba nikiwa na hasira. Akacheka.

"Mjomba, chui wangu amekopiwa pale barazani tangu hujazaliwa. Watu wanajuaje wangu ni upi? Wanakuja wananiona."

Maneno yale yana historia nyuma yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, na 1972 akauawa kwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, wakaanzisha ushirika wao mwaka 1990. Katika kazi hiyo kuiga ndiyo shule yenyewe. Kijana anajifunza kwa kurudia ndege wa mwalimu mpaka mkono ushike. Kwa hiyo kinachomtofautisha fundi ni saini, mkono wake, na watu wanaomjua. Blokucheni haiwezi kuvitengeneza hivyo vitatu. Inaweza tu kuvitunzia kumbukumbu kama vipo.

SEHEMU YA 5: JE, HELA IPO?

Machi 11, 2021 Christie's iliuza kazi ya Beeple, "Everydays: The First 5000 Days", kwa zaidi ya dola milioni 69. Hapo ndipo dunia ilipopandwa na wazimu. Sisi Waafrika hatukukosekana. Aprili 2021 Eliud Kipchoge aliuza vipande viwili vya video za mbio zake akapata kama shilingi milioni 4 za Kenya. Oktoba mwaka huo Osinachi wa Nigeria, anayechora kwa programu ya Microsoft Word, kazi zake ziliuzwa Christie's London.

Sasa tazameni upande wa pili. Machi 2021 mtu alinunua twiti ya kwanza ya Jack Dorsey kwa dola milioni 2.9. Aprili 2022 akaipeleka mnadani akitaka dola milioni 48, na mnada ulipofungwa ofa ya juu ilikuwa kama dola 280. Septemba 2023 kampuni ya dappGambl ilichunguza mikusanyo 73,257 ya NFT ikakuta 69,795 thamani yake sokoni ni sifuri. Hiyo ni kama asilimia 95. Na Januari 2025 MakersPlace, soko lililoshirikiana na Christie's katika ule mnada wa Beeple, lilitangaza kwamba linafunga.

Kuna jambo moja zuri ambalo lilituvutia wengi: msanii angelipwa kila kazi yake inapouzwa tena. Mjomba akiuza ubao kwa elfu tisini na mtu wa Denmark akauuza tena kwa milioni, mjomba hapati hata senti. NFT iliahidi kwamba ukiweka asilimia 10, kazi ikiuzwa tena kwa rand 5,000 wewe unapata 500. Lakini malipo hayo yalitegemea soko likubali kuyakata. Masoko yalipoanza kushindana kwa bei, mengine yaliyaacha, na Agosti 2023 OpenSea nayo ikatangaza kwamba haitayalazimisha tena. Anayetaka haki hiyo kwa uhakika aangalie sheria, si soko. Kenya, kwa mfano, iliiingiza katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019.

Hebu tupige hesabu yangu ya 2021. Bei rand 1,500. Soko linakata asilimia 2.5, yaani rand 37.50. Zinabaki 1,462.50. Toa gesi 1,085, zinabaki 377.50. Hiyo ni kama chui angeuzwa. Hakuuzwa, kwa hiyo hesabu yangu ilisoma hasara ya 1,085, na ya mjomba ilisoma hasara ya shilingi elfu sitini. Somo: piga hesabu ya kutouza kabla ya hesabu ya kuuza.

SEHEMU YA 6: KWA ANAYETAKA KUTENGENEZA

Sisemi mtu asijaribu. Wapo wanaochora kwa kompyuta tangu mwanzo, ambao kazi yao haina ubao wala karatasi, na kwao hati ya kidijitali ni jambo la maana. Hapa Braamfontein, kwenye kituo cha Tshimologong cha Chuo Kikuu cha Wits, pamekuwa na tamasha la Fak'ugesi tangu 2014. Jina hilo kwa Kizulu ni kama kusema "washa umeme". Ukienda utawakuta vijana wa michezo ya kompyuta, katuni na sanaa ya kidijitali, na utajifunza mengi kuliko kwa kukaa peke yako na simu. Taratibu ni hizi:

1. Kazi iwe yako. Kama ni ya mwingine, hata ndugu, andikeni karatasi: nani mchoraji, nani muuzaji, mgao ni kiasi gani, mtavunjaje mkataba. Wote mtie saini.

2. Weka ushahidi wa uchoraji: michoro ya awali, faili zenye tabaka, picha ukiwa kazini, tarehe.

3. Fungua pochi ya kidijitali. Utapewa maneno 12 au 24 ya siri. Yaandike kwenye karatasi, yafungie. Usiyapige picha, usimtumie mtu. Anayeyaomba ni mwizi, hata akijiita huduma kwa wateja.

4. Chagua mtandao wa gharama ndogo, na hakikisha faili inahifadhiwa kwa njia ambayo haitegemei soko moja.

5. Amua idadi. Je, ni tokeni moja au ni 20? Ukishatangaza 20, usiongeze.

6. Usimzuie mchoraji kuuza kazi yake halisi huku mnangoja mtandao. Hili nalisisitiza.

SEHEMU YA 7: KWA ANAYETAKA KUKUSANYA

1. Mtafute msanii nje ya soko. Muulize moja kwa moja kama tokeni ile ni yake.

2. Soma umepewa haki gani: kuangalia tu, kuchapa nakala ya ukutani, au kutumia kibiashara?

3. Angalia faili imehifadhiwa wapi. Omba na nakala kubwa ya faili yenyewe.

4. Nunua unachokipenda, kwa hela ambayo ikipotea hutashindwa kulipa pango. Ukiona mtu anakuambia "itapanda", mwulize kwa nini anaiuza.

5. Kumbuka sheria. Hapa Afrika Kusini mamlaka ya kodi, SARS, inatoza faida ya mali za namna hii kwa kanuni za kawaida za kodi ya mapato. Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya mauzo ya mali za kidijitali, NFT zikiwemo, Septemba 2023, halafu mwaka 2025 ikaifuta kodi hiyo na kuweka ushuru kwenye ada za watoa huduma. Tanzania iliweka zuio la asilimia 3 kwa sheria ya fedha ya 2024. Uganda Benki Kuu ilikataza Aprili 2022 kampuni za malipo kubadilisha sarafu hizi kuwa hela ya simu. Mambo yanabadilika kila bajeti, kwa hiyo uliza kabla. Na wewe mwenye viza ya masomo, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kabla ya kugeuza jambo hili biashara.

MWISHO WA KISA

Mwaka 2022 rafiki yangu mmoja anayesoma sanaa alinipeleka kwenye karakana ya kuchapa. Nikamwona fundi akichapa picha ya linoliamu, nakala 30. Chini ya kila moja aliandika kwa penseli: 1/30, 2/30, mpaka 30/30, halafu saini yake upande wa kulia. Alipomaliza, akachukua kisu akakwaruza bamba ili lisiweze kuchapa tena. Nikamuuliza kwa nini anaharibu. Akasema aliyenunua nakala namba 1 anapaswa kuwa na uhakika kwamba hakuna ya 31.

Pale nikapata jibu la mjomba. Anayenunua anapata ahadi: kwamba hii ni kazi ya mkono wa fulani, na hazitazidi kiasi hiki. Kwenye karakana ahadi inashikwa na penseli na lile bamba lililokwaruzwa, na mtandaoni inashikwa na daftari. Lakini kokote iliko, mwenye kuahidi ni mtu, na asipokuwa mkweli daftari halimsaidii mnunuzi.

Nilimpigia nikamweleza hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjomba, hilo si ungeniambia siku ile?"

"Siku ile nilikuwa sijui, mjomba. Nisamehe."

"Haya. Na elfu sitini yangu?"

Nilimlipa kwa awamu tatu, hela ya fotokopi. Tangu hapo ana daftari la kurasa 96. Kila ubao una namba, tarehe, ukubwa, jina la mnunuzi, na picha aliyopigwa akiwa ameushika. Nyuma ya ubao anaandika namba ile ile. Hana NFT hata moja. Mwaka jana mteja wa zamani alimwandikia kuuliza kama kifaru alichouziwa na mtu mwingine ni kazi yake kweli. Mjomba alifungua daftari, akatafuta, akajibu si yake. Mteja akaagiza kifaru wa kwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukinunua NFT ya mchoro, ni haki gani unapata na ipi hupati? Tumia mfano wa khanga.

2. Kwa nini kazi za Hic et Nunc zilibaki na za FTX zikapotea machoni?

3. Msanii anaweka bei ya rand 800, soko linakata asilimia 2.5, gharama ya kuandikisha ni rand 15. Anabakiwa na kiasi gani? Je, kazi isipouzwa?

4. Una ndugu nyumbani anayechora, anayefinyanga au anayeshona. Andika karatasi ya makubaliano ya mistari mitano kati yako na yeye. Hili msijibu kichwani. Liandikeni kweli, kisha mpigieni mumsomee.

Jibu la swali la 3 ni rand 765, na kazi isipouzwa amepoteza 15. Hayo mengine tutajadili kwenye mkutano wa chama. Hadi toleo lijalo, someni kwa bidii, na wasalimieni wa nyumbani.